Makande Yaliyozikwa Jivuni

Jivu nalo hupika. Neno hilo mmelisikia leo asubuhi kwa Mama Nambua, alipowajibu wale waliokuwa wakimcheka fundi Kiangi kwa ukimya wake, na sasa mnataka kujua lilitoka wapi. Wako wanaosema ni neno la wahunzi. Wengine wanalihusisha na wafinyanzi wa vyungu. Halikutoka huko. Lilitoka jikoni, tena jikoni kwa mwanamume, na mwanzo wake ulikuwa hivi.

Katika milima ya Upare, upande unaotazama nyika, aliishi mkulima aitwaye Mbonea. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimu aliitikia, ukimwuliza alijibu, na baada ya hapo aliendelea na jembe lake. Mkewe, Nakiete, ndiye aliyekuwa na maneno ya nyumba nzima, na majirani walizoea kutaniana kwamba mmoja kapewa ulimi wa wawili. Mwaka mmoja, masika yakielekea kwisha, Nakiete alishikwa na homa. Alilala siku tisa. Ya kumi akafariki. Akamwachia mumewe mabinti watatu: Nasemba wa miaka minane, Nakunda wa mitano, na Kiende ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa.

Msibani Mbonea hakulia. Alichimba kaburi pamoja na wenzake, akapokea mikono ya watu waliokuja kumpa pole, na siku ya nne alionekana amesimama kwenye mfereji akizibua matope. Watu wa upande wa mke waliliona jambo hilo, wakaliweka moyoni. Aliyeliweka zaidi ni mama wa marehemu, Bibi Nanzia, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye alikuwa amezika watoto wanne kabla ya huyu wa tano na kila mara alilia mpaka sauti ikamkauka.

Matanga yalipoanuliwa, Bibi Nanzia alimwita mkwewe pembeni.

"Baba Nasemba, watoto hawa ni wadogo, na nyumba haina mwanamke. Nitawachukua."

Mbonea akasema, "Mama, niachie."

"Nikuachie uwalishe nini? Umewahi kushika mwiko wewe?"

"Sijawahi. Niachie tu."

Bibi Nanzia alimtazama mtu huyu aliyekuwa na macho makavu, akashindwa kumwelewa. Lakini mila haikumruhusu kumpokonya baba wanawe bila sababu, naye aliiheshimu mila. "Wakae mpaka mavuno," akasema. "Ila nikisikia wamekaa na njaa hata siku moja, nitakuja, na hutanizuia." Kisha akajifunga kanga yake, akarudi kwake ng'ambo ya safu ya pili ya milima, mwendo wa asubuhi nzima.

Hapo Mbonea alianza kujifunza mambo ambayo hakujua kama yana kazi ndani yake. Shamba lake lilikuwa chini kabisa ya mteremko, na kwenda tu kulichukua muda. Kila asubuhi ilimpasa awe huko mapema, maana ngedere walikuwa hawana simile. Na kila siku ya sita ilikuwa zamu yake ya maji. Kule maji ya mfereji hukusanywa usiku kucha katika bwawa waliloliita ndiva. Ndiva ikifunguliwa alfajiri, mwenye zamu humwagilia mpaka jua la utosi, kisha hufunga na kumpisha mwingine. Ukikosa zamu umekosa, na mahindi yako yatasubiri siku sita nyingine yakiwa na kiu. Mvua zilikuwa zimeishia njiani mwaka ule, kwa hiyo kila kata ya maji ilikuwa na maana.

Sasa shamba litake mtu tangu alfajiri, na jiko nalo litake mtu tangu alfajiri. Mtu mwenyewe ni mmoja. Ugali ulimshinda mapema, si kwa kuusonga bali kwa unga: kusaga mahindi juu ya jiwe ni kazi ya nusu siku, na hiyo nusu siku hakuwa nayo. Akageukia makande, mahindi na maharage yakichemka pamoja chungu kimoja, chakula ambacho kila Mpare amekulia. Alikoboa mahindi kwenye kinu jioni, asubuhi akateleka chungu, akachochea kuni nyingi, akaenda shambani. Aliporudi, moto ulikuwa umezimika zamani na maharage yalikuwa magumu kama kokoto. Siku iliyofuata akaweka magogo makubwa zaidi. Aliporudi, maji yalikuwa yamekauka, chungu kimepasuka, na nyumba nzima inanuka kuungua. Watoto walikula maboga waliyopewa na jirani, mwanamke mwema aitwaye Nangasu.

Nangasu alimsaidia kwa muda. Lakini Nangasu naye alikuwa na watoto wake saba na zamu yake ya maji, na Mbonea aliona jinsi alivyokuwa akija amechoka, akiinamia chungu cha watu wengine mgongo ukiwa haujanyooka tangu asubuhi. Akamshukuru, akamwambia apumzike.

Kisha likatokea lililomtisha. Siku moja Nasemba, akitaka kumpunguzia baba yake kazi, aliingia jikoni kuchochea moto. Alirundika majani makavu ya migomba, moto ukaruka, ukashika ukingo wa paa la nyasi. Nangasu aliuona moshi, akaja mbio na mtungi wa maji, akauzima kabla haujapanda. Mbonea aliporudi alikuta doa jeusi juu ya mlango na mtoto ameungua nywele za mbele. Hakumpiga wala hakumkaripia. Alikaa kizingitini mpaka giza likaingia, na moyoni alijua kwamba jambo hilo likifika ng'ambo, hatakuwa na la kumwambia mkwewe. Akakata shauri: moto hautabaki ukiwaka ndani ya nyumba wakati yeye hayupo.

Lakini chakula bila moto kitaivaje?

Jibu lilimjia kwa kuungua kidole. Asubuhi moja alipiga magoti mbele ya mafiga kutafuta kaa la kuwashia. Kama wafanyavyo watu wote, jana yake alikuwa amefunika makaa kwa jivu ili yasife. Alichimbua kwa kidole, akakirudisha haraka akikipuliza. Jivu lilikuwa jeupe na baridi juu, mtu angeweza kulilalia. Chini lilikuwa na moto ule ule wa jana. Alibaki amekiweka kidole mdomoni, akilitazama. Ikiwa jivu linaweza kutunza kaa tangu jioni hadi alfajiri, akawaza, haliwezi kutunza chungu tangu alfajiri hadi alasiri?

Siku hiyo hiyo alichimba shimo nyuma ya nyumba, chini ya upenu, kina chake kikiwa mkono mzima. Akalipanga mawe pande zote. Asubuhi iliyofuata aliwasha moto mle ndani mpaka mawe yakawa hayashikiki, akatoa nusu ya makaa, akashusha chungu, akakifunika, akarudisha makaa pembeni, akamwaga jivu juu yake mpaka chungu kikapotea. Alasiri alifukua. Mahindi yalikuwa yameanza kulainika, maharage bado.

Hakukata tamaa, maana angalau safari hii hakukuwa na kilichoungua. Akajaribu tena, na kila mara akaongeza jambo dogo. Aliloweka maharage na mahindi tangu jioni. Alfajiri aliyachemsha kwanza juu ya mafiga, moto mkali, kwa muda wa kunoa jembe na kuwaogesha watoto, ndipo akakizika chungu kikiwa kinatokota. Akatia magadi kidogo kama ncha ya kucha. Chumvi akaiacha mpaka mwisho, maana aligundua ikitangulia maharage hukaza shingo. Juu ya kifuniko akaweka majani ya mgomba, juu ya majani jivu, juu ya jivu udongo, na juu ya udongo jiwe bapa ambalo mtoto hawezi kulisogeza. Mara ya tano alipofukua, harufu ilitoka kabla ya mvuke. Mahindi yalikuwa yamechanua, maharage yamelainika bila kupondeka, na mchuzi umekuwa mzito wenyewe bila mtu kuukoroga.

Tangu siku hiyo nyumba ya Mbonea ilikula vizuri. Leo makande, kesho kunde na ndizi mbichi, siku nyingine boga na njugu mawe. Watoto walikula kiporo cha jana asubuhi, wakacheza, na baba yao akirudi alasiri alikuta shimo limekwisha kumfanyia kazi. Hapakuwa na moto wa kuchunga. Nasemba alibaki na kazi moja tu, kuwatazama wadogo zake.

Lakini watu hawakuyaona hayo. Walichokiona ni nyumba isiyo na moshi. Kule milimani, saa ya adhuhuri, kila paa la nyasi hufuka, na mtu akisimama kilimani huweza kuhesabu wanaokula. Paa la Mbonea halikufuka. "Yule bwana," wakasema kisimani, "kama asivyo na machozi, hana hata moto." Mbonea alizisikia habari hizo, akaendelea kuzika chungu chake.

Siku moja dada wa marehemu, Nambike, alipita akitoka gulioni. Akaingia uani, akakuta mafiga yana baridi na watoto wanacheza peke yao. Nasemba alikuwa ameshuka kisimani. Aliyekuwepo ni Nakunda na mdogo wake.

"Baba yenu yuko wapi?"

"Shambani."

"Na chakula kiko wapi?"

Nakunda alifikiri kidogo, kisha akajibu kwa usahihi wote wa mtoto wa miaka mitano: "Baba amekizika."

"Amekifanya nini?"

"Amekizika. Hukizika kila siku. Halafu anaweka jiwe."

Nambike alitoka uani akiharakisha. Alipofika kwa mama yake alikuwa analia, akisema kwamba shemeji yake amerukwa na akili, kwamba majonzi aliyokataa kuyatoa yamempanda kichwani, kwamba anazika chakula cha watoto kama anavyozikwa mtu, na mafiga yake yamejaa jivu tupu.

Siku ya pili yake, jua likikaribia utosi, Bibi Nanzia alifika. Alikuwa na binti yake Nambike na kaka yake mwenyewe mkubwa, Mzee Chambogho, na walikuwa wamebeba kanga mbili za kubebea watoto.

Ilikuwa siku ya zamu. Mbonea alikuwa katikati ya shamba, maji yakimpita miguuni, akielekeza jembe lake kwenye mistari ya chini ambayo ilikuwa haijapata kitu. Akainua macho mlimani, akaona watu watatu wamesimama mlangoni pake. Hata kwa umbali ule aliutambua urefu wa mkwewe. Alitazama mistari iliyobaki, minane. Akatazama juu tena. Kisha akaziba mlango wa maji wa shamba lake kwa udongo, akamwita jirani wa zamu iliyofuata, akamwambia, "Chukua," akaanza kupanda.

Alipofika nyumbani, Kiende alikuwa tayari amefungwa mgongoni kwa Nambike. Nakunda alikuwa anavalishwa. Nasemba alikuwa ameshikilia nguzo ya mlango kwa mikono miwili, hataki kuachia.

Mbonea alisalimia kama inavyompasa mtu kuwasalimia wakwe zake, akachutama mbali kidogo, kichwa chini. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Baba Nasemba," Bibi Nanzia akasema, "nilikwambia nikisikia njaa nitakuja. Nimesikia, nimekuja."

"Ni kweli, mama, ulisema."

"Basi hatuna la kujadili."

"Hatuna, mama. Ila ninyi mmetembea tangu alfajiri. Kaeni mle kwanza."

Nambike akageuka kwa ukali. "Tule nini, shemeji? Jikoni kwako nimeingia jana na leo. Kuna jivu. Tule jivu?"

Mbonea akainuka. Kitu kimoja kilikuwa kinamsumbua: hajawahi kufungua chungu saa ile. Jua lilikuwa bado utosini. Siku zote alikingojea mpaka alasiri. Kikiwa hakijaiva, atakuwa amewaonyesha watu wale kwa mkono wake mwenyewe maharage mabichi ambayo wanawe wangekula. Alifikiri hayo akizunguka nyuma ya nyumba, nao wakamfuata. Akapiga magoti. Akaondoa jiwe. Akaondoa udongo, kisha jivu, kwa kigae, polepole.

Mzee Chambogho alinyoosha mkono, akaligusa jivu. "Limepoa hili," akasema kwa huzuni, kama mtu anayethibitisha habari ya msiba.

"La juu, mjomba," Mbonea akajibu.

Akafunua majani. Mvuke ukapanda, mzee akarudi nyuma hatua mbili. Mbonea alitoa chungu kwa magunzi mawili ya mahindi, akakiweka chini, akatia chumvi, akafunika tena kidogo, akangoja. Kisha akachukua punje moja ya haragwe kwa ncha ya mwiko, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikabonyea kama siagi.

Hapo akapakua. Alimpa mzee kwanza, halafu akaijaza kata nyingine, akaiweka juu ya jani, akaisogeza upande wa mkwewe bila kumtazama.

Lazima mjue kwamba siku zile mama mkwe hakula mbele ya mkwewe, sembuse kula kilichopikwa na mkono wake. Bibi Nanzia alisimama muda mrefu. Kisha akaichukua kata, akawapa mgongo wote, akaelekea ukutani, akala. Walikuwa wanamwona mabega tu. Alikula kidogo, akatulia. Akala tena. Alipogeuka kata ilikuwa tupu.

"Nani aliyekaa na chungu hiki?"

"Hapakuwa na mtu, mama. Mimi nilikuwa mferejini."

"Na watoto?"

"Siwaachii moto. Moto uliwahi kumuunguza Nasemba." Alilisema hilo mwenyewe, ingawa hakuulizwa. "Ndipo nikatafuta njia hii. Nakifunika alfajiri, nakikuta alasiri."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Tangu mwezi wa pili baada ya msiba."

Bibi Nanzia aliinama, akatia vidole ndani ya shimo, kwenye jivu lililokuwa limebaki chini. Akavitoa haraka. Akavitazama vidole vyake, kisha akamtazama mkwewe: mtu aliyekonda, mwenye matope ya mferejini mpaka magotini, aliyechutama mbele yake na macho yake makavu. Akamtazama kwa muda ambao Nambike alisema baadaye ulimtia hofu.

"Siku ya msiba," Bibi Nanzia akasema taratibu, "nilikutazama, mwanangu, nikaona jivu. Nikasema huyu moto wake umekufa, kama uliwahi kuwaka." Akakung'uta jivu vidoleni. "Sikutia kidole."

Mbonea alifungua mdomo kujibu. Kilichotoka ni kilio, cha ghafla na cha sauti kubwa. Alilia akiwa amechutama vile vile, mikono yake juu ya chungu, na Nasemba akaiachia nguzo ya mlango akaja kumshika shingoni. Mzee Chambogho akatazama milimani. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kilio kilipotulia, Nambike, ambaye naye alikuwa anajifuta macho, aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, tunaondoka nao?"

"Mfungue huyo mtoto mgongoni, ale," Bibi Nanzia akamjibu. "Uliniambia hapa kuna jivu tupu. Jivu nalo hupika."

Bibi Nanzia alikaa pale siku nne. Asubuhi alichutama upande mmoja wa shimo na mkwewe upande mwingine, kila mtu akitazama kwake kama heshima inavyotaka, naye akamfundisha kutia majani ya kunde na nazi ya kununuliwa kwa watu wa pwani, na Mbonea akamfundisha kupanga mawe. Siku ya tano alirudi kwake, akachimba shimo lake. Nambike akachimba la kwake. Nangasu jirani akachimba, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alionekana siku ya zamu akifanya kazi mpaka mwisho bila kuchungulia nyumbani.

Mistari minane ya mahindi ya Mbonea ilikauka, na mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba. Hakulizungumzia. Wanawe aliwalea mwenyewe mpaka wakaolewa, na watu walikuja kumzoea kama alivyo, mtu wa salamu na jibu moja.

Neno la Bibi Nanzia lilibaki kitongojini. Mwanzoni walilitumia kwa utani, kwa nyumba isiyofuka moshi adhuhuri. Baadaye walianza kulitumia kwa mtu aliyefiwa asiyelia, kwa mume asiyejua kusema maneno matamu lakini kuni hazikosekani, kwa mtoto anayechelewa kujibu. Likashuka milimani na wachuuzi, likafika huku kwetu, na waliolileta walisahau kulibeba na kisa chake.

Kwa hiyo kesho mkimwona fundi Kiangi amekaa kimya kwenye benchi lake, msiseme kwamba ndani hamna kitu. Tieni kidole kwanza. Jivu nalo hupika.